Juu ya Kuomba Jina kwa Wenyewe

Miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu huyatenda kwa wepesi, ilhali uzito wake humzidi kimo, ni kutoa majina. Mtoto akizaliwa pwani yetu hungojewa siku ya saba, wazee wakashauriana, jina la babu likatajwa na la shangazi likatajwa, na dua ikasomwa kabla jina halijatua juu ya kichwa ambacho bado hakijui kulibeba. Wala jahazi halikushushwa majini zamani bila ya kupewa jina ambalo nahodha aliliona kuwa ni la kheri kulitamka siku ya dhoruba. Biashara nayo, hata ikiwa ni chumba kimoja chenye tanuri na meza ya kuuzia, huhitaji jina, na mwenye kuifungua hujikuta amekabiliwa na suala ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelijadili tangu kale, nalo ni hili: jina ni la nani, na ni nani mwenye haki ya kulitoa na ya kulitwaa?

Suala hilo, ambalo katika miji yetu aghalabu hupita bila kumkosesha mtu usingizi, ni zito na hai katika Nyuzilandi, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki ambayo wenyeji wake wa asili, Wamaori, huiita Aotearoa. Huko watu wengi wanaofungua mikahawa, maduka ya mikate, karakana na nyumba za wageni hutamani kuzipa biashara zao jina la Kimaori: baadhi yao kwa kuwa wao wenyewe ni Wamaori na lugha ni urithi wao, baadhi kwa mapenzi ya kweli ya ardhi iliyowalea, baadhi kwa kutaka kuwavuta watalii, na baadhi kwa kuwa sauti ya neno imewapendeza masikioni. Nia hizi si mamoja mbele ya Mungu wala mbele ya watu, lakini wote wenye nia hizo huishia kwenye mlango mmoja, na mlangoni hapo huulizwa swali moja, kama wana idhini ya kuingia.

Imam Ghazali, katika kitabu chake juu ya majina mazuri ya Mwenyezi Mungu, aliwatahadharisha wasomaji wake wasichanganye mambo matatu: jina lenyewe, yule anayeitwa kwa jina hilo, na tendo la kutia jina. Hekima hiyo, iliyokusudiwa kwa elimu ya dini, yafaa pia katika shauri hili dogo la sokoni. Mfanyabiashara aghalabu hulitazama jina peke yake, akauliza maana yake ni nini na kama linatamkika; akiwa mwangalifu zaidi hulitazama duka lake, akauliza kama jina linalifaa; lakini tendo la kutia jina, yaani nani kalitoa, kwa ridhaa ya nani, na kwa sharti gani, hulisahau. Nami naona kuwa lawama na sifa zote za jambo hili zimo katika hilo la tatu. Jina la Kimaori halipatikani kwa kulipenda, wala kwa kulielewa, wala kwa kulisajili. Hupatikana kwa kuliomba kwa wenyewe, kisha kwa kuishi kwa namna inayolistahili.

Kwa Wamaori jina halisimami peke yake. Mtu anaponyanyuka mbele ya hadhara kujitambulisha, adabu yao humtaka autaje kwanza mlima wa watu wake, kisha mto, kisha chombo kilichowaleta mababu kutoka ng'ambo ya bahari, kisha kabila na ukoo, na jina lake mwenyewe hulitaja mwishoni, kwa maana yeye ndiye wa mwisho kufika katika msafara ulioanza kabla yake. Nasaba hiyo, waiitayo whakapapa, huwafunga watu na watu, na huwafunga pia na milima, maji na nyota. Wala watu hawa si wageni kabisa kwetu: lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi cha jirani zetu wa Bukini, ambako mbili ni roa na saba ni fito, na kwa Wamaori mbili ni rua na saba ni whitu. Mabaharia walioieneza lugha hiyo walivuka maji mengi kuliko walivyovuka mababu zetu wa majahazi, nao, kama wetu, walibeba nasaba zao vifuani pale ambapo hapakuwa na nafasi ya kubeba kingine.

Mlima mrefu kuliko yote katika nchi ile, ambao ramani za Waingereza ziliuita Mount Cook, kwa kabila la Ngāi Tahu ni Aoraki, nao husimulia kuwa Aoraki alikuwa mwana wa mbingu, aliyeshuka pamoja na ndugu zake katika chombo kilichopanda mwamba kikaegemea upande, wakaukwea ubavu ulioinuka, na humo wakageuka mawe. Na sheria ya mwaka 1998 iliyosuluhisha madai ya kabila hilo iliurudishia mlima jina lake, likasimama pamoja na lile la Kiingereza. Mji wa Christchurch ni Ōtautahi, kwa jina la kiongozi Tautahi aliyekaa kandokando ya mto wa hapo. Na bandari ya Wellington ni Te Whanganui-a-Tara, bandari kuu ya Tara. Basi mtu anayelichukua jina la mahali akalipaka rangi juu ya kibao cha duka lake, mara nyingi amelichukua jina la babu wa watu, na babu huyo ana wajukuu walio hai, ambao hupita mbele ya duka hilo kila asubuhi wakienda kazini.

Hapa ndipo inapotulazimu kusema kidogo juu ya kile wanachokiita tapu. Msomaji anayejua kuwa Makka ina eneo lake tukufu lenye mipaka, ambamo mnyama hawindwi na mti haukatwi, hatashindwa kufahamu watu wanaoamini kuwa baadhi ya vitu, mahali na nafsi vimezungushiwa mpaka wa heshima ambao haukiukwi bila taratibu. Kinyume cha tapu ni noa, hali ya kawaida ya maisha, na katika vyote vinavyouondoa utukufu na kukirudisha kitu katika hali ya kawaida, chakula ndicho chenye nguvu kubwa. Ingia katika nyumba ya Wamaori wanaoshika mila zao, utaona jambo hili katika mambo madogo ya jikoni: mtu haketi juu ya meza ya chakula, kofia haiwekwi juu ya meza hiyo, maana imegusa kichwa, na kichwa ni kitukufu kuliko kiungo chochote, kitambaa cha kukaushia vyombo hakifuliwi pamoja na nguo za mwilini, na sahani haipitishwi juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Kwa watu wenye adabu kama hii, kulibandika jina la babu aliyekufa juu ya kopo la nyama au chupa ya pombe ni kulishusha hadharani jina ambalo wao hulitamka kwa kuinamisha macho. Mwenye chupa huenda hakukusudia ubaya wowote. Lakini asiyejua palipo na kaburi, akalikanyaga, hutakiwa kuondoa mguu pindi anapoambiwa.

Mifano ya kukanyaga si ya kufikirika. Mwaka 2001 kampuni ya Lego ya Denmaki ilitoa vitu vya kuchezea vya watoto vilivyojaa maneno ya Kipolinesia, mojawapo likiwa tohunga, ambalo ni cheo cha mtaalamu na kuhani. Wamaori walilalamika kwa njia ya wakili, na kampuni ikaliacha neno hilo. Mwaka 2005 iligunduliwa kuwa kampuni kubwa ya tumbaku ilikuwa ikiuza katika Israeli sigara zenye jina la Wamaori wenyewe na michoro ya mfano wa yao, nayo baadaye ikaomba radhi. Na mwaka 2020 kiwanda kidogo cha bia cha Kanada kiliipa bia yake jina ambalo wenye kiwanda walidhani ni unyoya, na katika kamusi maana hiyo imo. Lakini Wamaori wengi, wakilisikia neno hilo, fikra zao huenda kwenye nywele za sehemu za siri. Kiwanda nacho kikaomba radhi. Mfano huu wa mwisho una funzo zaidi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu wenye bia walifanya kile ambacho mtu wa kawaida angekiona kuwa ni uangalifu wa kutosha: walitafuta maana, na maana waliyoipata haikuwa ya uongo. Walichokikosa ni mtu. Lau wangemwuliza mzee mmoja, au kijana mmoja, jambo lingekwisha kwa kicheko na ushauri mwema. Kamusi hujua maneno, lakini haioni haya kwa niaba ya mtu.

Kuna jeraha chini ya jambo hili, na anayetaka jina ni wajibu wake alijue jeraha hilo kabla ya kuunyosha mkono. Mkataba uliotiwa saini Waitangi tarehe 6 Februari 1840, kati ya ufalme wa Uingereza na wakuu wa Wamaori, uliwaahidi wenyeji, katika maandishi ya Kimaori, mamlaka juu ya ardhi zao, makazi yao, na taonga zao zote, yaani vitu vyote vya thamani walivyorithi. Haikupita miaka thelathini ila sheria ya mwaka 1867 ya shule za wenyeji ilikuwa imekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kila ilipowezekana, na katika shule nyingi mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake aliadhibiwa. James Henare, mtu wa heshima kubwa, aliyekuwa kamanda wa mwisho wa Kikosi cha Wamaori katika Vita Vikuu vya Pili, alieleza akiwa mzee, mbele ya Baraza la Waitangi, lisikilizalo madai ya kuvunjwa kwa mkataba huo, jinsi alivyotumwa porini utotoni kukata kipande cha mmea utambaao uitwao pirita, akauleta mwenyewe kwa mikono yake, kisha akachapwa nao kwa kosa la kusema Kimaori katika uwanja wa shule. Mwalimu wake alizoea kumwambia kuwa mwenye kutaka kujipatia riziki sharti aseme Kiingereza.

Na azingatie hapa mwenye duka. Lugha ambayo mtoto alichapwa kwa kuisema, akiambiwa kuwa haitamletea mkate, leo hii inatafutwa na watu wengine ili iwaletee mkate wao. Sisemi kuwa hao wanaoitafuta ndio waliomchapa; wengi wao hawakuwa wamezaliwa, na wengine ni wajukuu wa waliochapwa. Nasema tu kwamba kitu kilichopita katika mapito kama hayo hakiokotwi njiani kama kombe lililotupwa na maji. Watu walikipigania. Tarehe 14 Septemba 1972 vijana na wazee walipeleka bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 wakitaka Kimaori kifundishwe mashuleni. Mwaka 1982 akina bibi walianza kuwakusanya watoto wadogo katika viota vya lugha, waviitavyo kōhanga reo, ili wawalee kwa Kimaori kitupu. Mwaka 1986 Baraza la Waitangi likaamua kuwa lugha yenyewe ni taonga ambayo mkataba uliahidi kuilinda. Na mwaka 1987 sheria ikaifanya kuwa lugha rasmi ya nchi. Katika sensa ya mwaka 2018 watu takriban 186,000 walisema kuwa wanaweza kuzungumza kwa Kimaori. Kila neno la lugha hiyo linaloonekana leo juu ya mlango wa duka limefika hapo kwa jasho la watu hao.

Yapo mabishano mawili ambayo insafu inanitaka niyapime. La kwanza husema kuwa maneno hayana mwenyewe. Tumefundishwa kuwa Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina yote, naye Adamu ni baba wa wote. Basi nani awezaye kuweka ua kuuzunguka urithi wa wanadamu wote? Bishano hili ni zuri, na latoka katika mahali patukufu, lakini naona kuwa wanaolitumia hulikata katikati. Adamu alifundishwa majina alipokuwa akiandaliwa kuwa khalifa katika ardhi, na khalifa ni mwenye kushika amana ya mwingine, atakayeulizwa namna alivyoishika. Elimu ya majina haikutolewa iwe ngawira; ilitolewa pamoja na hesabu yake. Mwenye kusema kuwa jina ni la wote amesema kweli ikiwa anakusudia kuwa sote tutaulizwa juu yake, na amekosea ikiwa anakusudia kuwa hakuna wa kumwuliza.

Bishano la pili ni zito zaidi, nalo hutoka mara nyingi vinywani mwa Wamaori wenyewe. Husema kuwa lugha huishi kwa kutumiwa: isiposikika sokoni, isiposomwa juu ya milango, isipoagizwa kwayo chai na mkate, itabaki kuwa lugha ya dua na mazishi, na lugha ya mazishi haichelewi kuzikwa. Bishano hili nalikubali, tena kwa furaha. Lakini lenyewe halipingani na kuomba. Maneno ya kila siku ya Kimaori, kama vile kai, ambalo ni chakula, na whare, ambalo ni nyumba, yametumika muda mrefu katika vinywa vya watu wa kila asili nchini mule, na wenyewe hupenda kuyasikia yakitumiwa sawasawa. Jina la babu, jina la mlima, jina la mmoja wa wale wakubwa wa asili waitwao atua, jina la kundi la nyota la Matariki ambalo mwaka 2022 lilifanyiwa sikukuu ya taifa na ambalo wafu wa mwaka hukumbukwa chini yake, hayo ni mengine. Sikukuu hiyo ilipoanza, wenye elimu yake waliwasihi wafanyabiashara wasiigeuze kuwa msimu wa kupunguza bei. Mwenye adabu huzipambanua daraja hizi: la kawaida hulitumia kwa usahihi, la heshima huliomba, na lililo tukufu huliacha mahali pake.

Sheria nayo imejaribu kuweka mipaka. Sheria ya alama za biashara ya mwaka 2002 ilimkataza msajili kupokea alama ambayo yaelekea kuwaudhi watu wengi, wakiwamo Wamaori, ikaunda na kamati ya kumshauri juu ya alama zenye maneno au michoro ya asili yao. Sheria ya mwaka 2014 juu ya haka ya Ka Mate, wimbo wa ngoma uliotungwa na mkuu Te Rauparaha wa Ngāti Toa, yataka kwamba wanaoitumia katika shughuli fulani za biashara wamtaje mtungaji na kabila lake. Haidai malipo, yadai shukrani tu. Na mwaka 2019 shirika la ndege la Air New Zealand lilipoomba kuisajili alama ya jarida lake yenye maamkizi ya kia ora, ambayo kila mtu katika nchi ile huamkiana kwayo, watu walikasirika kuona salamu yao yaelekea kutiwa katika hati ya kampuni, na shirika likaliondoa ombi lake. Sheria hizo ni njema, lakini kazi ya sheria ni kuzuia udhia. Asiyeomba usajili hapiti mbele ya kamati hiyo. Na jina linaweza lisimwudhi mtu yeyote na bado likawa limetwaliwa bila ya haki. Wanazuoni wetu walitufundisha kuwa baina ya haramu na wajibu pana uwanja mpana, na kwamba juu ya kutimiza wajibu ipo daraja ya ihsani, ambapo mtu hutenda jema ambalo hakuna kadhi awezaye kumlazimisha. Jina la duka hukaa katika uwanja huo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kulifahamu jambo hili kwa damu, maana limetupata. Maneno hakuna matata yalikuwa vinywani mwa watu wa pwani na bara kabla ya sinema ya mwaka 1994 kuyapeleka duniani, na kampuni ya Disney iliyoitengeneza sinema hiyo iliyasajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake kwa nguo. Mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi malalamiko dhidi yake. Kampuni moja ya Uingereza nayo iliwahi kutaka kulisajili jina la kikoi, vazi ambalo mababu zetu walilifunga viunoni kabla kampuni hiyo haijazaliwa, mpaka watu wa Kenya wakapinga. Na kwa upande wa pili, mwaka 1966 Waamerika weusi walipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa, walizichukua kutoka katika lugha yetu umoja, ujima, ujamaa, nia na imani, wakazifanya nguzo za kuwalea watoto wao. Nami sijasikia Mswahili akinung'unika kwa hilo, kwa kuwa walioyachukua maneno hayo walijiweka chini yake wayatii. Tofauti ya wachukuaji wa namna hizi mbili haimo katika maneno, kwani yote yalikuwa yetu. Imo katika namna ya kuchukua: mmoja aliyachukua ili awazuie wengine, na wa pili aliyachukua ili yamwongoze.

Basi jina huombwaje? Tuseme kuna mwanamke anayetaka kufungua duka la mikate katika Ōtautahi, naye si Mmaori. Kuomba jina ni kama kuposa: huendi usiku, huendi peke yako, huendi kwa mtu asiye na mamlaka ya kutoa, na huondoki na unachokitaka siku ya kwanza. Atauliza kwanza ni ukoo upi wenye ardhi pale duka litakaposimama, kwa kuwa jina la watu wa kaskazini halitawekwa juu ya ardhi ya watu wa kusini bila ya wenyeji kujua, na lahaja yenyewe hubadilika, watu wa Ngāi Tahu wakisema k pale ambapo wengine husema ng. Akialikwa kwenye marae, ua wa mkutano wa ukoo, atasimama langoni mpaka sauti ya mwanamke mwenyeji iwaite wageni. Atatembea polepole pamoja na waliomsindikiza, watasita kidogo uwanjani kwa ajili ya kuwakumbuka marehemu wa pande zote mbili, kisha wataketi na kuwasikiliza wazee wakihutubu. Koha, yaani kitu anachokitoa mgeni kwa moyo, kitawekwa mbele ya wenyeji. Watasogeleana wagusane pua, pumzi kwa pumzi. Kisha watakula pamoja, kwani chakula ndicho kiondoacho uzito wa mkutano na kuwarudisha watu katika maisha ya kawaida. Na huenda ikawa baada ya chakula hicho, wakati vyombo vinaoshwa, ndipo shauri la duka litakapozungumzwa kwa kituo.

Hapo ataulizwa maswali ambayo hakuna kamusi iliyowahi kumwuliza mtu. Utauza nini? Jina litachapwa juu ya mfuko ambao utatupwa jaani? Duka likifilisika, jina litakwenda wapi? Ukiliuza duka, utaliuza na jina? Watoto wetu watapata kazi humo? Wafanyakazi wako watajua kulitamka? Hata mistari midogo iwekwayo juu ya irabu ndefu itazungumzwa, maana katika Kimaori keke ni mkate mtamu wa sherehe na kēkē ni kwapa, na mwoka mikate mwenye haraka anaweza kuwaalika wateja wake kwenye kisichoalikiwa. Wazee huenda wakampa jina jipya ambalo hakulitazamia, lililochukuliwa katika kazi yake, au mto ulio karibu, au tabia waliyoiona kwake. Na siku ya kufungua, kabla ya jua kuchomoza, wakaja kuisomea nyumba dua zao. Huenda vilevile wakakataa. Kukataliwa huko ni sehemu ya ombi, kwa kuwa ombi lisiloweza kukataliwa huwa ni amri iliyovishwa kanzu ya adabu. Na mwenye kukataliwa, akishukuru akaondoka, ameonyesha kuwa aliwaheshimu wenyewe kuliko alivyolitamani jina.

Ikiwa wamempa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Wahenga wetu walisema kuwa jina jema hung'ara gizani, lakini hawakusema kuwa lamng'arisha kila alivaaye. Mtu akiliita duka lake kwa neno manaakitanga, ambalo kwa Wamaori ni ule ukarimu unaomnyanyua mgeni na kumhifadhi, kisha akawapunja wafanyakazi wake ujira, au akamfukuza mlangoni mtoto wa Kimaori kwa kumshuku wizi, basi kila siku afunguapo duka atakuwa anashuhudia uongo kwa herufi kubwa. Jina la namna hiyo humhukumu mwenyewe kabla mteja hajamhukumu. Kadhalika Mmaori mwenyewe hasalimiki na hesabu hii kwa sababu ya nasaba yake. Huenda hesabu yake ikawa kali zaidi, kwani yeye atakutana na shangazi zake msibani, nao watamwuliza jina la babu lafanya nini juu ya bidhaa zile. Amana haimwangalii mtu rangi. Yamwangalia kama ameitunza.

Huenda msomaji akasema kuwa haya yote ni mzigo mzito mno kwa chumba kimoja chenye tanuri, na kwamba mtu maskini anayetafuta riziki ya watoto wake hana wasaa wa kuketi na wazee. Namjibu kuwa mzigo huo hajatwikwa na mtu. Majina ni mengi ulimwenguni: anaweza kuliita duka kwa jina lake mwenyewe, au la mtaa, au la mama yake aliyemfundisha kukanda unga, na chema chajiuza hata kikiwa hakina jina la fahari. Anayelitaka jina la watu wengine amejichagulia mwenyewe kuingia katika udugu na watu hao, na udugu haujapata kuwa jambo la haraka. Tena faida yake si haba. Mwenye duka aliyelipata jina kwa njia hii hufungua mlango wake siku ya kwanza akiwa na watu wanaomjua, wanaomwombea, na ambao watamwonya akikosea. Hiyo ni rasilimali ambayo benki hazikopeshi.

Basi rai yangu ni hii, nami naitoa kwa wenye maduka wa Aotearoa na kwa wetu pia, maana siku yaja ambapo mgeni atabisha hodi kwetu akitaka neno la Kiswahili kwa biashara yake, nasi tutapaswa kuwa na wazee wa kumjibu. Jina lililoombwa kwa adabu, likatolewa kwa ridhaa, likatunzwa kwa mwenendo mwema, ni halali ya mwenye kulibeba, awe mwenyeji au mgeni. Jina lililotwaliwa si lake, ijapokuwa amelilipia ada, amepewa hati, na amelipaka rangi ya dhahabu. Na ambaye amekwisha kulitwaa bila kujua, hajachelewa: awaendee wenyewe, aseme alivyofanya, na akubali watakaloamua.